Mzambarau wa Mama Violeth

Ukimtafuta mtu wa mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, asubuhi ukamkosa kwake, usihangaike kupiga simu. Nenda kwenye benchi la Mama Violeth. Hapo utakuta birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata, na wanaume watatu ambao hakuna jambo la dunia hii wasilolijua. Kelestini wanamwita Mkandarasi kwa sababu aliwahi kujenga choo kimoja cha shule, na mpaka leo hajaacha kukisimulia. Amedeus ni Daktari. Ujana wake aliumaliza Namawala akiwakamatia watafiti mbu, na kwake hiyo ni shahada tosha. Wa tatu ni Eustaki, Wakili, hana kesi wala joho, ana mdomo tu. Mwenye benchi mwenyewe, jina lake la ubatizo Justa, siku hiyo alikuwa na uso uliovimba kwa kukosa usingizi. Nyuma yake, ndani ya uzio, ulisimama mzambarau wa zamani ambao marehemu baba yake, alipojenga ile nyumba, alisogeza msingi pembeni ili asiukate. Na leo kuna mtu alikuwa njiani kuja kuukata.

Mti ulikuwa unaumwa, hilo halikuwa na ubishi. Kileleni ulikuwa umekauka, majani yaliyobaki yalikuwa ya njano, na juzi tawi zima lilikuwa limeangukia bati la jiko. Kaka yake Justa, Theodori, aliyeko Morogoro, aliposikia hakutaka hata maelezo. Akampigia simu fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, akamwambia aende akaangushe. Justa alikataa, wakagombana, mwishoni kaka akamuuliza ukiwaangukia wewe na mwanao Violeth mmelala nitamwambia nini mama? Hapo Justa akaacha kubisha. Lakini aliapa moyoni kwamba akipatikana mtu wa kumwambia mti unaumwa nini na unatibiwaje, hiyo chenso itarudi ilikotoka.

— Mmekunywa kahawa kwenye kivuli hiki miaka yote, alisema huku akimimina. Leo kinakufa, na hakuna hata mmoja wenu anayejua ugonjwa?

— Uzee, alisema Mkandarasi. Mti nao unachoka, Mama Violeth.

— Uzee gani? Ule wa parokiani ni mkubwa kuliko huu, na unazaa mpaka masista wanagawa kwa ndoo.

— Ule unamwagiwa maji ya baraka.

— Toka hapa!

— Basi ni mnara wa simu, alisema Mkandarasi, maana hakuwa mtu wa kukaa bila jibu. Nyie angalieni. Kumekauka wapi kwanza? Juu! Na mtandao unapita wapi? Juu! Kila mtu akipiga simu, unachoma jani moja.

— Aisee, alisema Wakili, wewe choo ulikijenga kwa akili hizi hizi? Suala ni treni. Treni ya mizigo ikipita usiku ardhi inatikisika, mizizi inashtuka. Hebu wewe ushtuliwe usingizini kila siku miaka thelathini, utaota nywele?

— Mbona miti iliyo kando ya reli haijafa?

— Ile imezoea!

Daktari alikuwa anatafuna kashata taratibu, akingoja wenzake waishiwe. Kisha akakohoa.

— Mbu, alisema.

— Mbu wamefanyaje?

— Tangu tuanze kulala ndani ya vyandarua, mbu wa Ifakara hawapati damu. Wana njaa. Sasa mbu mwenye njaa anafanyaje? Anaugeukia mti. Anafyonza utomvu usiku kucha.

— Mbu atoboe mzambarau?

— Mbu wa siku hizi usimchezee. Nimekaa nao, nawajua.

Siku nyingine Justa angecheka mpaka ashike mbavu. Leo alitamani awamwagie kahawa miguuni wote watatu. Watu hawa walikuwa wanamfurahisha kila asubuhi, lakini walikuwa hawamsaidii kitu, na bodaboda ilikuwa imeshasimama mbele ya uzio. Akashuka kijana mmoja mrefu, Lukelo, aliyekuwa amepakata chenso mapajani kama mtoto.

— Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyetumwa na kaka yako.

— Marahaba. Kunywa kahawa kwanza.

— Nitashukuru, mama, ila nina kazi nyingine Kibaoni.

— Nimesema kunywa kahawa kwanza.

Lukelo akakaa. Sauti ile haikuwa ya kubishana nayo. Justa akammiminia kikombe cha kwanza, kabla hajakimaliza akamwongezea cha pili, na hakujua mwenyewe anangoja nini. Ule mti aliupenda, basi. Aliupenda tangu akiwa mtoto wa kupanda na kuteremka na midomo ya zambarau, na aliona aibu kulia kwa ajili ya mti mbele ya wanaume.

Ndipo akapita mama mmoja na beseni la samaki wakavu kichwani. Alikuwa ametoka Malinyi na gari la alfajiri, jina lake Devota, na hapo hakuna aliyekuwa anamfahamu. Akatua beseni, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, karibu mgeni.

Akapewa kikombe, akanywa huku akiangalia ndani ya uzio. Mkandarasi akaona huyu ni msikilizaji mpya, akaanza kumpa ya mnara wa simu, Wakili akadakia ya treni, Daktari akaingiza mbu wake. Yule mama alikuwa anaitikia tu, ehee, ehee, kwa heshima, lakini macho yalikuwa chini ya mti.

— Samahani, wazee wangu, alisema walipopumua. Huu mti unaanzia wapi?

— Unaanzia wapi kivipi?

— Naona tu. Mizambarau ya kwetu ina miguu, imetanuka huku chini, mizizi unaiona inavyoondoka. Huu wenu umeingia ardhini wima kama nguzo ya umeme. Unaanzia wapi?

Daktari akamwangalia Mkandarasi.

— Hilo ni swali la kitaalamu, alisema Wakili.

— Mimi nimeuliza tu, baba. Nisameheni.

Justa alikuwa ameshasimama. Aliangalia mti, kisha akaangalia baraza la nyumba, na ndipo akaona kitu alichokuwa akikiona kila siku bila kukiona. Zamani baraza lile lilikuwa na ngazi. Violeth alikuwa anakaa ngazi ya chini akisukwa nywele. Sasa ukitoka uani unaingia barazani moja kwa moja, hunyanyui hata mguu. Ngazi zilifukiwa ule mwaka wa mafuriko, maji yalipofika madirishani. Yalipokauka, hawa hawa watatu walimletea lori kwa lori la kifusi, wakakimwaga ua mzima, wakakishindilia kwa miguu wakiimba. Kwenye shina ndiko walikokijaza zaidi, wakisema wanaupa mti nguvu. Yeye akawapikia wali na kambale, na walikula kwa furaha.

Akaingia ndani, akatoka na jembe na koleo.

— Mkandarasi, shika.

— Mama Violeth, sisi tulikuwa tunakuzuilia maji!

— Najua. Na hayajaingia tena, Mungu awabariki. Shika koleo.

— Na maji yakirudi?

— Mtanichimbia mfereji uzunguke nyumba. Sitaki nyumba iingie maji na sitaki mti ufe. Nataka vyote viwili, mmenisikia?

— Kahawa je? aliuliza Daktari.

— Imekwisha.

Simu ikaita. Alikuwa Theodori, anauliza kama mti umeshalala.

— Shikamoo kaka. Haulali leo. Matawi makavu yote yanashushwa sasa hivi, hakuna kitakachotuangukia. Shina haliguswi. Ukitaka kugomba, panda basi uje ugombe ukiwa na jembe mkononi.

Akakata simu. Akamgeukia Lukelo.

— Umenisikia. Panda, toa makavu tu. Ukigusa bichi, nakuvuta mguu.

— Sawa, mama, alisema Lukelo, na alionekana kufurahi.

Wakachimba. Mwanzoni Mkandarasi alipiga jembe kwa hasira, Justa akamkemea kwamba akikata mzizi watakosana maisha. Basi wakawa wanakwangua kwa koleo, na walipokaribia shina wakaingia kwa mikono. Kilitoka kifusi, vipande vya matofali, chupa, na kandambili moja ya Wakili ambayo alikuwa amemsingizia jirani kwamba ameiiba. Hakuna aliyemcheka. Shimo lilikuwa limefika mapajani, na mti ulikuwa bado wima.

Kisha koleo likagonga kitu kikubwa cha mviringo. Mkandarasi akapiga magoti, akafuta udongo kwa viganja. Shina lilikuwa limeanza kutanuka. Mzizi mmoja mnene kama paja ulionekana ukienda upande wa nyumba, mwingine upande wa barabara. Kwa kufukiwa bila hewa, gamba lilikuwa limelowa na kuwa jeusi, na upande wa jiko lilinuka uozo. Daktari akashuka shimoni, akakwangua upande wa pili kwa ukucha, kidogo tu. Ndani palikuwa pabichi.

— Utapona? Justa aliuliza.

Daktari, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akasema hajui.

Mkandarasi hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono uko kwenye mzizi.

— Mama Violeth, alisema kwa sauti ya chini. Tuliuzika ukiwa hai.

Justa akakunja khanga kiunoni, akashuka shimoni naye.

— Basi tuufukue. Sogea, nianze upande ulionuka.