Upande Niliopewa Darasani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo yetu, Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu Bi. Truphena, walimu wangu, wazazi wetu mliotoka Kehancha na vijiji vyake, wageni waalikwa na wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Naitwa Nyakerario Mwikwabe, wa Kidato cha Nne. Wenzangu wamenituma kumuaga Mwalimu Oyaro, aliyetufundisha Kiingereza na fasihi yake, na ambaye anastaafu na kurudi kwao Homa Bay. Nimepewa dakika chache za kushukuru. Nitashukuru, lakini Bi. Mwalimu Mkuu, nakuomba usinikatize, kwa sababu baba yangu yuko hapa, na nafasi nyingine sina.

Mwalimu Oyaro ana kofia ambayo hata panya wangeikataa. Cheka tu, Mwalimu, ni kweli! Kila tulipoandika insha za kushawishi aliijaza vikaratasi, na kila mmoja wetu akaokota upande wa kutetea. Ukiokota upande unaouchukia, ndio huo huo. Alituambia, "Mwandishi wa tamthilia humpa hata muuaji maneno mazuri. Usipoweza kumsemea mpinzani wako, utamjibuje?"

Muhula uliopita niliokota huu: msichana aolewe kabla ya kumaliza shule. Nililia kidogo, kisha nikaandika, na nikaandika vizuri, jamani, kwani alama nilizitaka. Insha ikashinda. Siku ya wazazi nikaisoma mimi mwenyewe, hapa hapa, naibu wa mwalimu mkuu akiwafasiria kwa Kikuria. Habari ya kofia haikutajwa. Baba alisimama akapiga makofi mpaka watu wakageuka kumtazama. Nani angemlaumu?

Haikupita wiki, ng'ombe wa Mzee Masese wakaingia zizini kwetu, mahari ya mwanawe kunioa. Nilipomweleza baba kwamba ile ilikuwa kazi ya darasa, alinijibu, "Wewe msichana, si ulisimama mbele ya watu ukasema? Sasa unataka niambie wazee nini? Ati mtoto wangu ni mwongo?"

Baba, nakuelewa. Katika baraza lenu mtu akisimama akatamka jambo, amelishika, na hakuna mzee anayeokota upande wake kwenye kofia. Darasani tuna desturi nyingine, na hakuna aliyewaeleza. Hilo linanikasirisha mpaka leo. Lakini zaidi ya hasira ninaogopa, tena sana, kwa maana harusi imepangwa likizo hii ya Agosti, na mtihani wangu wa mwisho ni Novemba.

Najua swali mnalojiuliza. Ikiwa alitudanganya kwa ufasaha namna ile, tutajuaje kwamba leo hatudanganyi? Ni swali zuri. Basi nitazameni. Siku ile nilisoma bila kutetemeka, kwa kuwa maneno yale hayakuwa yangu. Leo karatasi imelowa jasho mkononi. Siku ile nilitafuta alama. Leo hakuna anayesahihisha, na nikishindwa kuwashawishi nitalala nyumba moja na mzazi niliyemwaibisha hadharani. Nani angeuchagua upande huu kwa mchezo?

Mwalimu Oyaro, asante. Wapo wanaosema ni wewe uliyeniponza. Mimi nasema bila wewe ningekuwa nimekaa kimya pale nyuma, nikilia. Nenda salama, na Mungu akutunze.

Mzee Masese, umeketi kando ya baba yangu na ninakuheshimu. Ng'ombe wako ni wazuri na mwanao hajanikosea. Lakini sitaki kuolewa. Nataka kufanya mtihani.

Waheshimiwa, asanteni kwa kunivumilia. Baba, kipaza sauti ndicho hiki. Njoo unijibu.