Niliyoyaandika Juu ya Khalaf

Bismillahi rrahmani rrahim. Fungeni mlango, mzime na kiyoyozi hicho, kinaunguruma nami sauti yangu imebaki kidogo. Marhoun, kaa hapa nikuone, usikae nyuma yangu. Tangu mwaka wa sitini na nne sipendi mtu kukaa nyuma yangu, hata awe mwanangu. Radhia, shika kalamu uandike kama nisemavyo, usinipambie. Na wewe Sleyum, najua Kiswahili chako hakikutulia, ukikwama neno muulize dada yako, usibahatishe, maana haya nitakayosema leo mtakuja kuulizwa na watu, na kila mmoja atataka kuyapinda upande wake.

Vidonge alivyonipa muuguzi asubuhi nimevitema, viko chini ya mto. Pengine ni dawa ya maumivu tu. Lakini nilimwona Marhoun akinong'ona naye ukumbini, nikajiambia, huyu anataka nilale mpaka nife bila ya kusema, kwa kuwa ana cheo wizarani na hataki jina la babaake lichafuke. Usiape, Marhoun. Huenda nakusingizia. Hayo ndiyo maradhi yangu yenyewe. Haya ya tumbo yamekuja juzi tu.

Mali haina maneno mengi. Nyumba hii ya Ibra na shamba la juu mtagawana kama sheria ilivyosema, na mama yenu Turkiya alikwisha tangulia, hivyo ni nyinyi watatu tu, msigombane. Lakini ile thuluthi ambayo sheria imeniachia niiusie nitakavyo, naiusia kwa Khalaf bin Nadhir wa Jaalan Bani Bu Ali: mitende ile ya khalasi iliyo kando ya mfereji wa falaji, pamoja na zamu yake ya maji, yeye na watoto wake.

Mnatazamana. Nilijua mtatazamana. Tangu mko wadogo nimekwambieni Khalaf ni khaini, msiitikie salamu yake sokoni, msikanyage kwake. Sasa nisikilizeni kwa nini nilisema hivyo, na msinikatize, pumzi zangu nazihesabu.

Mimi na Khalaf tumesoma skuli moja Unguja, tukaingia polisi mwaka mmoja. Asubuhi ya mapinduzi, Jumapili, nilikuwa nakwenda kituoni na baskeli yangu, nikamkuta njiani koplo wangu mwenyewe, mtu niliyekuwa nikila naye sahani moja kila adhuhuri, ana bunduki ya serikali, akaninyooshea mimi. Akafyatua, haikulia. Nikaitupa baskeli nikakimbilia vichochoroni mpaka Mkunazini, kwa Bi Khole, mamaake Khalaf. Bi Khole hakuniuliza kitu. Alinitia chumba cha uani, nyuma ya magunia ya makaa, akanilisha siku kumi na moja kwa mkono wake, na kila akija alikuwa anaimba kidogo mlangoni ili nijue ni yeye.

Siku ya nne wakaja watu na silaha. Khalaf akawatokea nje. Niliwasikia wakizungumza, nikamsikia mmoja anacheka, kisha wakenda zao. Nikamwuliza, "Umewaambia nini?" Akasema, "Yule mrefu tulicheza naye mpira. Nimemwambia mama anaumwa, akaona haya kuingia." Nikamshukuru. Nikatoka nyumba ile nimevaa buibui la Bi Khole, mimi mtu mzima mwenye ndevu, nikafika Mombasa, kisha Dubai. Lakini wallahi, njiani kote nilikuwa najiuliza, kwani watu wenye bunduki huona haya? Mbona nyumba za jirani waliziingia? Swali hilo nililichukua kifuani kama mtu anavyochukua mwiba, silitoi wala sisemi.

Mwaka wa sabini na moja, utawala ulipobadilika huku Omani na milango ikafunguliwa, tukarudi kwa babu zetu. Mimi hapa Ibra, Khalaf na mamaake wakashukia Jaalan. Wenyeji walitucheka kwa Kiarabu chetu, na wakubwa walitutazama kwa jicho la pembeni, wakisema hawa wa Zanjibar wengine wamesomeshwa na makomunisti, chungeni sana. Sisi wawili tukaingia jeshini kwa sababu tulikuwa tunajua Kiingereza na redio. Nikapata uluteni, Khalaf naye hivyo hivyo, tukapelekwa Dhofari, kusini, kupigana na waasi wa jabalini.

Vita vile vilikuwa vya ndugu. Mtu wa jabali ana kaka upande huu na mjomba upande ule, na hujui anayekumiminia chai asubuhi jioni atakuwa wapi. Mimi kilima changu, Khalaf kilima chake, baina yetu bonde. Kwa kuwa adui alikuwa akizisikiliza redio zetu, mkubwa wetu Mwingereza akaamuru mimi na Khalaf tusemezane Kiswahili. Na juu ya hapo tukawa na maneno yetu. Risasi tukiziita mbaazi. Kisima kilichoko bondeni tukikiita kwa shangazi. Kikosi cha doria tukikiita harusi. Tulicheka sana siku za mwanzo. Mwingereza akaniambia, "Luteni Muslim, badilisha maneno kila wiki." Kazi hiyo ilikuwa yangu, si ya Khalaf. Sikubadilisha. Niliyaacha maneno yale yale wiki sita, kwa uvivu na kwa kujiona. Radhia, hilo lipigie mstari.

Ulikuwa mwezi wa saba, sabini na tatu, jabali limejaa ukungu na manyunyu, mtu huoni hatua ishirini. Nikasema redioni, "Khalaf, harusi itapita kwa shangazi asubuhi." Akanijibu, "Nimesikia, ndugu yangu, na iwe ya heri." Asubuhi nikapeleka watu kumi na wawili, mimi nikabaki juu. Walipigwa kisimani kutoka pande tatu, adui alikuwa amelala pale anawangoja. Walirudi watatu. Tisa nilikwenda kuwachukua mwenyewe, mmoja wao akiitwa Sleyum, na ndiyo asili ya jina lako, mwanangu, ingawa nilikwambia ni la babu.

Sasa nani aliijua njia ile? Mimi na Khalaf. Siku mbili nilikaa na swali hilo, na lile swali la zamani likaamka, yakashikana. Siku ya tatu nikaandika ripoti, kurasa nne, kwa Kiingereza kizuri. Nikaandika kwamba Khalaf peke yake alizipata khabari za njia. Nikaandika, na hapa Mungu anisamehe, kwamba katika mapinduzi ya Unguja watu wenye silaha walifika mlangoni kwake wakaondoka wanacheka, na kwamba mimi kwa macho yangu... hapana, kwa masikio yangu, nilishuhudia usuhuba wake nao. Sikuandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya makaa. Nyumba iliyoniokoa niliigeuza kuwa ushahidi. Wala kuhusu maneno ya redio ambayo sikuyabadilisha sikuandika hata herufi moja.

Wakamchukua mbele yangu. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini polepole akaniambia, "Muslim, waambie. Wewe unanijua tangu skuli." Mimi nikainamia ramani kama naitafuta njia.

Alikaa ndani miezi kumi na minne. Mwezi wa tano hivi wa kifungo chake, nami niko likizo, Bi Khole alipanda gari akaja mpaka hapa, amechoka, miguu imevimba, akakaa pale mlangoni alipokaa Sleyum. Hakujua kitu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe sasa ofisa, watu wanakusikiliza. Niseme wapi? Nisemee." Nikamwambia, "Nitajitahidi, mama." Akaninyanyulia mikono akaniombea dua, mimi, umri mrefu na watoto wema. Nikala dua yake nikanyamaza. Akafa kabla mwanawe hajatoka. Nilipeleka mchele wa matanga.

Maji. Kidogo. Basi, basi.

Walipomwachia hawakumkuta na kosa, lakini jeshini hawakumrudisha, na doa halikufutika. Alikwenda Jaalan, mpaka leo anatengeneza mashine za kuvutia maji mashambani. Vita vikaisha. Mwanzo wa sabini na sita nikawekwa kuwaandikisha waliojisalimisha, akaja mmoja, Musallam, mtu wa jabali aliyekulia Mombasa, babaake mpagazi wa bandari. Aliposikia jina langu na sauti yangu akachangamka, akaniambia kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na kasoro, "Ah, bwana harusi ni wewe! Mimi ndiye nilikuwa nakusikiliza. Juma la kwanza sikufahamu, la pili nikafahamu shangazi ni kisima, kwa kuwa kila mkimtaja mlikuwa mwenda na madebe." Akacheka. Alikuwa hana chuki, vita vimekwisha kwake.

Ningeweza kusema siku ile. Fomu ilikuwa mbele yangu na kalamu mkononi. Niliandika jina lake, kabila lake na silaha aliyokuja nayo, nikampa sigara nikamwambia nenda. Mwaka ule ule nikapewa umeja. Na badala ya kupungua, shaka yangu ikazidi: nikawa nawaza, Khalaf anajua, Khalaf ananingoja, Khalaf atawatuma watu. Nikahama barabara ya Jaalan, nikawa nazunguka. Nikamshuku mpaka mama yenu, kila akitaja Unguja nikidhani ananitega.

Radhia, usiandike sasa, nisikilize. Mwaka wa themanini na tatu Khalaf alimtuma mwanawe Nadhir kukuposa. Mtu uliyemharibu hukuletea mwanawe kwa heshima, nini kama si mtego? Ndivyo nilivyowaza. Nikamwambia kijana mbele ya wageni, "Sichanganyi damu yangu na ya khaini." Akainuka, akabusu kichwa changu kwa umri wangu, akatoka. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Nilikisikia kilio chako nikasema wanawake hulia. Sasa Nadhir ana mke huko Sur, ana mtoto, na siwezi kukurudishia kitu. Sikuombi unisamehe mbele ya ndugu zako. Nikikuomba hapa utaona haya kukataa. Utaamua siku yoyote, hata nikishakuwa ardhini.

Andika tena. Baada ya maziko, msimngoje mtu. Mwende Jaalan nyote watatu, Marhoun mbele, na kanzu yako ya wizarani. Ijumaa, watu wakitoka kusali, usimame useme babaako alimsingizia Khalaf bin Nadhir, useme kwa Kiarabu wasikie wote. Kisha umwambie yeye kwa Kiswahili, polepole, na umtaje Bi Khole. Mitende akiikataa, msimlazimishe, wapeni masikini matunda yake. Akitaka kukutukaneni, tukaneni... hapana, mtukanwe, mnyamaze.

Yuko... mlango umegongwa? Hakuna mtu? Haya. Nakuaminini. Marhoun, nipe mkono. Baridi mkono wako, au wangu. Kile kidonge... nipe, nitakimeza sasa, wewe mwenyewe nipe.

Radhi zangu ziko juu yenu, nyote watatu, sawasawa. Mungu akupeni usingizi mwema na watu wa kula nao bila ya kutazama mikono yao. Amin, semeni amin.

Radhia... hizo karatasi usizitie sahihi yangu kwanza. Mtu anayekufa naye hudanganya, najijua, lazima pako mahali nimejipendelea. Mpelekee Khalaf, azisome. Mpe na kalamu. Palipo uongo apafute, aandike yeye... na alilolifuta yeye, nyinyi... msilisome.