Nilikonda Nikipona

Bwana asifiwe, wapendwa! Amina hiyo ni ya watu wenye njaa, nipeni nyingine. Bwana asifiwe sana!

Mimi nilizaliwa Awendo, nikaolewa upande wa Asumbi, na huko kwa mume wangu kila mtu ananiita Nyar Awendo, binti wa Awendo. Leo nitazungumza Kiswahili kwa sababu naona ndugu zetu Wakuria wamejaa hapa Migori. Kikinishinda mahali mnisaidie, msicheke. Haya, chekeni kidogo.

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa cherehani. Miaka michache iliyopita, mtoto wangu wa pili akiwa bado ananyonya, niliamka asubuhi vidole vimefura na kukakamaa, sindano haishikiki. Nikadhani ni baridi tu, nikasugua mafuta. Mara magoti nayo yakaingia, mara vifundo vya mikono. Ikawa kila asubuhi mama mkwe ndiye ananivalisha, ananifunga vifungo, ananichania nywele. Mimi, mke wa mtu! Niliona aibu mpaka nikalia. Yeye alikuwa akinitania tu, kwamba aliomba mkaza mwana akapewa mtoto mchanga.

Kwenye hospitali ya misheni daktari alinieleza kwamba ni baridi yabisi, ya ile aina ambayo mwili wenyewe unavishambulia viungo vyake. Ni ugonjwa wa kuishi nao. Akanipa tembe za prednisoloni, ambazo ni dawa za steroidi. Jamani, sitadanganya mbele ya madhabahu, zilinisaidia! Haikuchukua muda nikawa nakanyaga cherehani huku naimba.

Na nikanenepa. Uso ukawa mviringo, mashavu yakajaa, shingo ikapata mikunjo. Sasa ninyi mnaijua hii miaka tuliyo nayo. Mnajua tunavyomwangalia mtu akianza kukonda. Wazee watasema ni chira, laana ya aliyevunja mila. Vijana watasema ni ule ugonjwa. Basi mimi na mashavu yangu nikawa sifa ya boma. Mama mkwe alinipeleka soko la Rongo hata siku ambazo hatuna cha kununua, ili watu waone mwanawe anavyotunza mke! Kanisani nikasimamishwa mbele, wakasema tazameni Bwana alivyomnenepesha dada yetu.

Kumbe zile tembe zilikuwa zinanila kwa ndani. Sukari ikaanza kupanda, presha ikafuata, usingizi ukaniruka, mgongo ukawa unauma. Daktari akasema dawa imefanya kazi yake, lakini nikiendelea nayo kwa wingi ule itanimaliza mifupa. Nikamwambia, basi naacha leo leo. Nusura aruke kitini! Alinieleza kwamba kuna kitu kama dawa hiyo ambacho mwili wangu hujitengenezea wenyewe, na kwa kuwa ulikuwa unaletewa, ulikuwa umeacha kukitengeneza. Nikiacha ghafla ningeweza kuzimia, hata kufa. Ilibidi kupunguza kidogo kidogo, huku dawa nyingine ikichukua nafasi. Wapendwa, hapa mnisikie vizuri, maana nimeona watu wakiombewa kisha wanatupa dawa chooni. Msifanye hivyo, tafadhali.

Tukaanza kupunguza. Si mchezo. Kuna siku nilichoka mpaka kunyanyua kikombe ni kazi. Kuna wakati viungo vilifura tena, daktari akaniongezea kidogo, kisha tukaanza upya. Miezi ikaenda. Na kadiri tembe zilivyopungua, mashavu nayo yakaondoka. Mwili ukarudi ule niliozaliwa nao, maana kwetu sote ni wembamba. Magauni yangu niliyabana mwenyewe kwa cherehani yangu.

Yawa! Watu wakaona. Mteja anasema atapita kesho kuleta kitambaa, hapiti. Kanisani benchi langu likawa na nafasi kubwa. Nilieleza habari ya tembe mpaka nikachoka, lakini nani ataamini kwamba mtu anapona huku anakonda? Mume wangu alikuwa akipakia miwa Awendo, na kila akija nyumbani watu walimsimamisha njiani na maswali. Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni mama mkwe. Utani ukaisha, na sokoni akawa anakwenda peke yake.

Yakafika makambi ya Agosti, ile mikutano yetu ya kanisa ya kila mwaka. Kwetu, kila nyumba inapika Ijumaa kabla jua halijazama, na siku ya Sabato, ibada ikiisha, sufuria zote zinapangwa chini ya turubai tunakula pamoja. Mimi hupika nyoyo, mahindi na maharagwe, na nyoyo yangu ilikuwa ikigombaniwa. Ijumaa ile, sufuria ikiwa motoni, nilichukua chupa ya tembe. Nikawaza, nikirudi kwenye kipimo cha zamani, baada ya wiki chache mashavu yatarudi, na watu nao watarudi. Nikazimimina, kiganja kikajaa. Ndugu zangu, niliona ni jambo la akili kabisa! Mifupa ingeliwa, sawa, lakini mifupa haionekani. Nikamwambia Mungu, Baba, nimechoka kuogopwa. Sikusikia sauti yoyote, nilisikia nyoyo ikitokota tu. Kisha nikazirudisha tembe kwenye chupa, nikabaki na ile nusu niliyoagizwa, nikaimeza, nikaendelea kuchochea moto. Hata leo sijui nguvu ile ilitoka wapi kama si kwake.

Sabato ikafika, tukaketi kula. Foleni ikapita kwenye sufuria. Wali ukaisha, samaki wakaisha, hata ugali ulioungua ukaisha. Nyoyo yangu imejaa vilevile, mwiko haujaguswa. Nikajipakulia kidogo nikakaa mkekani peke yangu, natamani ardhi ipasuke nizame.

Ndipo mama mkwe akainuka kule walikokaa wamama wazee. Hakubeba sahani. Alikuja taratibu, na magoti yake ya uzee, akakaa kando yangu, akaivuta sahani yangu katikati yetu, akachota kwa mkono palepale nilipokuwa nikichota. Akatafuna. Kisha akasema kwa sauti, turubai lote likasikia: "Nyar Awendo, leo umesahau chumvi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akaja kuonja kama ni kweli. Akasema chumvi ipo. Mwingine akaja kuhakikisha. Ndugu zangu, walihakikisha mpaka sufuria ikabaki tupu! Na chumvi ilikuwepo tangu mwanzo.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nikamwuliza: "Mama, kumbe uliamini ile habari ya tembe? Ulijua sina ule ugonjwa?"

Akaendelea kusugua sufuria. "Sikujua," akasema. "Nimeogopa miezi hii yote, hata kukuangalia nilishindwa. Hata sasa sijui. Lakini wewe ule peke yako, na mimi niko hai?"

Wapendwa, nililia mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Mimi nahesabu kwamba nilifunguliwa pale, kwenye beseni la vyombo. Zile tembe za steroidi ziliisha baadaye, daktari akapima, akasema inatosha, tusiziguse tena. Ile dawa nyingine bado nameza. Vidole viwili vimepinda kama mnavyoona, na asubuhi za baridi navibembeleza kwanza ndipo vinikubalie kazi. Lakini nashona! Hii blauzi nimeshona mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru mama mkwe wangu. Wewe mwenye ugonjwa wa kuishi nao, mtumaini Bwana na umeze dawa yako kama ulivyoagizwa, wala usiogope kwamba dawa inamkasirisha Bwana. Na ninyi wengine, nina neno moja tu kisha niketi. Mimi wangu ni baridi yabisi. Katika mkutano kama huu huenda kuna mtu ambaye ule ugonjwa anao kweli, na sitamtafuta kwa macho. Yesu ni wake pia. Baada ya ibada tutakula. Mkimwona amekaa peke yake, kaeni naye, mle sahani moja, kabla hamjajua ana nini. Amina.