Marehemu Stefano Ekwaro, Fundi wa Gari la Habari, 1924–1962

Ndugu na majirani mliofika Mella leo, Jumamosi tarehe 5 Mei 1962, huyu tunayemzika alizaliwa hapa hapa mwaka 1924, msimu wa kupalilia mtama, mtoto wa tatu wa mama Agwang.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba yake alipokufa, akarudi kuchunga ng'ombe. Mwaka 1942 alipelekwa vitani Burma, akafundishwa redio. Huko bomu lilimuua mwenzake wakiwa wameshika waya mmoja. Habari hiyo hakupenda kuulizwa.

Mwaka 1951 aliajiriwa Tororo kuwa fundi wa gari la habari la serikali. Kazi yake ilikuwa jenereta, vipaza sauti, na mashine ya kuonyesha sinema za habari kwenye kitambaa cheupe, kijiji kwa kijiji, kutoka Bulumbi mpaka Sikuda. Maneno hayakuwa yake. Msomaji alikuwa Odoi, aliyekaa ndani ya gari na karatasi yake. Watu walimwona Ekwaro tu, amesimama nje na nyaya, basi wakaamini sauti ni ya kwake.

Mke alimpata kwa sababu ya jenereta. Alupo alimfuata kumwambia ngurumo ile inamharibia mayai ya kuku wake anayetamia. Ekwaro akaisogeza mbali, na wiki iliyofuata akarudi kuuliza vifaranga vimetoka vingapi. Walifunga ndoa mwaka 1953.

Jumamosi tarehe 16 Januari 1960, siku za ghasia za kodi, gari lilitumwa sokoni hapa Mella. Odoi akasoma amri: kodi iko palepale, watu watawanyike. Jiwe la kwanza likavunja kioo. Walimburuta Ekwaro, wakampiga magongo mpaka mbavu zikavunjika, panga likamkata vidole viwili. Wakamuuliza, "Ni wewe ulisema?"

Odoi alikuwa amejilaza chini ya kiti, hatua tatu kutoka hapo. Ekwaro akajibu, "Mashine ni yangu."

Wakaendelea kumpiga. Odoi akatokea mlango wa nyuma, akakimbia, ndipo gari likachomwa moto. Polisi walipofika walifyatua risasi, na mtoto wa kiume wa Mzee Osire, jirani yetu, akafa palepale.

Ubavu ulikuwa umetoboa pafu. Miaka miwili na zaidi alikohoa damu, wala hakuna aliyekuja kumjulia hali, maana kijiji kilisema ndiye aliyesoma amri na kuwaita polisi. Mkewe alimsihi, "Baba Loy, safisha jina lako. Mtaje Odoi." Akasema, "Nikimtaja watampiga yeye, na mbavu zangu hazitaunga." Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 3 Mei, asubuhi.

Kwetu mwenye kinyongo na maiti hashiki jembe la kaburi. Jana asubuhi majirani wote walikaa mikono mapajani. Ndipo Odoi alipofika kwa baiskeli kutoka Tororo, akasimama mbele ya Mzee Osire.

"Sauti ilikuwa yangu, mzee. Kama ni kupiga, nipige mimi."

Mzee Osire alimzaba kofi likamwangusha chini. Hakuna aliyeamulia. Mzee akaketi, akalia mpaka akanyamaza mwenyewe, kisha akaomba jembe. Kaburi mnaloliona amelichimba yeye, na Odoi akitoa udongo.

Marehemu ameacha mama yake Agwang, mjane wake Alupo, na watoto wawili, Loy na Akol.

Lala kwa amani, Stefano. Udongo huu umechimbwa bila kinyongo.