Kinachofoka Nyuma ya Nyumba

Sssiiii! Usiku wa manane, nyuma ya nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba anacholala na mwanawe, na mama wa watu akaruka kitandani, akamkumbatia mtoto, akajifunika shuka gubigubi kana kwamba shuka ni ukuta, asipate tena hata lepe la usingizi. Usiku wa tatu huo, mfululizo. Mumewe kasafiri kikazi, kamwachia mabanda ya nje: kobe wawili, kinyonga, na chatu mdogo ambaye hata kumtazama hathubutu. Kulipokucha akambeba mtoto mgongoni, huyoo, mpaka kwenye benchi la kona. Walikuwepo wale wale watatu: Wembe, kinyozi wa hapo, Birika, muuza kahawa, na Fundi Uhakika, aliyefunga majuzi ule mtambo wa kuwanyunyizia wanyama maji ya uvuguvugu, unaojiwasha wenyewe.

— Shemeji, mbona macho mekundu hivyo? Wembe akauliza.

— Nyoka, shemeji! Anafoka usiku, anafoka weee, halafu kimya, chatu nimemmulika kwa tochi dirishani yumo bandani kajikunja, sasa huyu ni nani? Na kobe mmoja kila asubuhi namkuta kalowa, wa baridi, leo anatoa povu puani, akinifia huyo, baba mtoto nitamwambia nini?

Wembe akapuliza kahawa yake.

— Huyo mchumba wa chatu, anapiga hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nani? Mimi nina mtoto anatambaa!

— Nyoka wapi! akasema Birika. Ni kobe huyo, anakoroma. Na hayo siyo maji, ni jasho.

— Jasho la kumlowesha kobe mzima?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hamjui kitu nyie, Uhakika akakata. Kuna nyoka wa porini kafuata joto la pipa langu la maji ya mtambo. Anafungua maji, anaoga, anaondoka zake. Mkaidi huyo, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Nyoka avunjike guu lipi? Birika akauliza.

Benchi zima kicheko. Hata mtoto mgongoni akacheka, asijue anachekea nini. Mama akajikuta anatabasamu, lakini roho bado iko juu juu.

— Shemeji Uhakika, si ulisema maji yatatoka saa mbili asubuhi, ili jua liwakaushe?

— Saa mbili kamili. Uhakika!

— Mbona asubuhi sijawahi kuyaona?

— Utakuwa umelala.

— Nilale, na huyu mgongoni? Kwani kwenye ile taima, saa ya kuuwasha mtambo, ulibonyeza ngapi?

— Mbili. Saa mbili si mbili?

— Na simu yako, ikifika saa mbili asubuhi, huwa imeandika ngapi?

Wembe akachungulia simu yake, akairudisha mfukoni. Birika akashika kufuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

— Nane, Uhakika akasema mwishowe, kama mtu aliyekanyaga msumari.

— Na ikiandika mbili?

— Hiyo... saa nane usiku.

Kahawa zikaachwa zinapoa. Wote wanne, watano na wa mgongoni, wakaelekea mabandani. Kobe akakaushwa kwa kitambaa, akawekwa juani. Uhakika akabonyeza nane, kisha akaujaribu mtambo kwa mkono: sssiiii! Mama akaruka, akamkanyaga Wembe, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Manyunyu mepesi yakatua mabandani. Kobe mgonjwa, pale juani, akatoa kichwa, akanyoosha shingo polepole, akaanza kutafuna jani.

Uhakika akamsogelea, akanong'ona:

— Shemeji wangu, mji mzima unanijua kwa jina hili la Uhakika. Naomba haya yasitoke hapa.

— Hao wawili wahonge kahawa mwenyewe. Mimi, nikilala leo mpaka kukuche, simwambii mtu mwingine.