Asilimia Tisini za Kaka Ngeleja

Waombolezaji wenzangu, mimi Nyanda, mdogo wa marehemu, naomba radhi kwanza kwa lile tangazo la asubuhi, kwamba kamati ya harusi ikutane nyuma ya nyumba. Nimekuwa MC kuanzia Kigoma hadi Tunduma, mdomo una mazoea yake, na tangu juzi naogopa hata kivuli changu.

Marehemu Ngeleja Bundala alizaliwa tarehe 4 Machi 1947 kijijini Nkoma, akasoma hapo hapo, akajifunza umakanika Mwanza, akaajiriwa kwenye jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba, mwaka 1969, na tarehe 12 Agosti 1972 akafunga ndoa na shemeji yangu Milembe, wakajaliwa watoto wanne.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mwaka 1995, tajiri mmoja alimpa kazi ya kufunga jineri mpya Lalago, na kila Jumamosi marehemu aliwaeleza wakulima kazi ilipofikia, kwa asilimia, kama alivyofundishwa chuoni. Aliposema tisini, wakulima waliona tisini ni nyingi, Jumatatu wakafika na mikokoteni imejaa pamba, tajiri naye akataka mashine ziwashwe, kumbe kumi iliyobaki ndiyo maji ya kuzimia moto. Nilikuwepo na lori, nikalisogeza mbali, maana cheche moja pale ingetumaliza sote, mimi wa kwanza, nilivyo mzito wa kukimbia.

Akapanda juu ya mkokoteni, akasema, "Wazee wangu, nyumba imeezekwa, watoto wamelala ndani, mlango bado, na fisi yuko nje."

Kisha mama mmoja, Kwandu, akageuza ng'ombe wake. "Sasa hizo asilimia ulikuwa unamsomea nani?"

Tangu siku hiyo taarifa zake zikawa za fisi tu, yuko mlimani, yuko zizini, ameondoka, na jineri ile haijaungua hadi leo.

Mwaka huu wa 2001 figo zilimshinda, akalazwa Bariadi. Daktari alinieleza kwa asilimia, nami kwa woga nikamwambia kaka kwamba namba si mbaya, akaomba aitiwe daktari mwenyewe. Alifariki alfajiri ya tarehe 10 Juni.

Tunawashukuru wauguzi, majirani waliotuletea kuni na maji, na mafundi wenzake waliochonga jeneza. Kaka, lala sasa bila woga, huku nje tutakesha sisi. Wa mwisho ninayemshukuru ni huyo daktari wake, Januarius, mzaliwa wa Nkoma anayezijua taarifa za fisi, maana jioni ya mwisho kaka alipomuuliza fisi yuko wapi, mimi nikitafuta utani wa kusema nisiupate, yeye hakumficha.

"Ameshaingia, baba."