Kipimajoto cha Bwana Ngoie

Tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bwana Éliézer Ngoie, mwalimu wa wauguzi hapa Kamina, atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari wake. Msumari tutauacha palepale. Hatuna moyo wa kuung'oa.

Alikuja kutoka Mulongo mwaka 1929, akapiga sindano, akasafisha vidonda vya watu wa reli, mwishowe akapewa shule. Huko alianzisha desturi yake: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana mukubwa wake wa mwaka wa tatu, na mukubwa hapati cheti mpaka mdogo wake aijue kazi. Alasiri, gari la moshi likilia mbali, ungewakuta ukumbini wawili wawili, wamefumba macho, wakifungana bendeji. Bwana Ngoie alipita katikati yao taratibu, akitabasamu kama mtu aliye ndotoni. Alitaka mikono ijue njia bila macho.

Mwaka 1946 desturi hiyo nusura ife. Mdogo mmoja, Marc, alipima wodi nzima, na wagonjwa wote kumi na wawili wakawa na homa ya thelathini na tisa na nusu, hata yule aliyevunjika mguu tu! Daktari alikuwa ameshaagiza wodi ifungwe. Kumbe baada ya mgonjwa wa kwanza, Marc hakukikung'uta kipimajoto hata mara moja ili zebaki ishuke. Daktari akawaka: wanafunzi wasifundishane tena, na Ambroise, mukubwa wa Marc, arudi kwao bila cheti.

Ambroise alijua kukikung'uta, ila alifanya upesi, nyuma ya nyonga, huku akitembea. Marc hakuwahi kuona. Bwana Ngoie alipomtazama Ambroise akifanya hivyo, aliutambua mkono wake mwenyewe. Akaenda kwa daktari.

"Docta, kosa iko yangu. Minyi njo nilimufunzaka vile."

Aliomba wiki moja. Wiki hiyo wadogo waliwafundisha wakubwa mbele ya wote, wakubwa wamefunga midomo, na kila kilichokuwa kimefichika kikaonekana. Daktari alikuja kukagua, akasahau kuondoka. Ambroise alipata cheti chake, na kuanzia Julai ndiye atakayeishika shule.

Juma lililopita tulimwona Bwana Ngoie kando ya kitanda, akikikung'uta kipimajoto mbele ya mwanafunzi mpya, mkono umenyooka, polepole, kama anayeaga abiria wa treni. Wengine tulilia, tusifiche.

Asante, Bwana Ngoie. Huko Mulongo unakorudi, mkeo Mama Abigaïl ndiye mukubwa wako, nawe u wa mwaka wa kwanza. Tunakutakia mapumziko mema, ya polepole, ili sisi wadogo wako tuone yanavyofanywa.